Cheti cha Kyengo

Nzuki alipita kwangu Murera Alhamisi asubuhi, akitoka kwake Ruiru kwenda Kampala kuongezewa kibali cha kazi. Alikuwa peke yake kwa gari. Chai aliinywa akiwa amesimama, nikajua ana neno.

Ni mjukuu wangu. Mimi ndiye nilimlea, yeye na kakake Kyengo. Kyengo alimaliza fomu foo na alama nzuri, akashikwa na homa, na kabla mwezi haujaisha tukamzika hapa nyuma ya nyumba. Nzuki alikuwa ameacha shule mapema, anachonga mawe kule Witeithie, mikono imejaa malengelenge. Cheti cha Kyengo kilikuwa kwa sanduku langu. Nilikitoa mwenyewe, nikamwambia Nzuki kwamba kakake hakihitaji tena. Akachukua kitambulisho kwa jina hilo, akasomea umeme kwa jina hilo, akapata kazi Uganda kwa jina hilo. Hata mkewe Trizah anajua aliolewa na Kyengo. Mimi tu ndiye humuita Nzuki, tena tukiwa wawili na kwa sauti ya chini.

Imepita miaka kumi na moja na hakuna aliyeuliza. Sasa kuna mtu wa kazini amewapelekea watu wa vibali kule Kampala habari kwamba walikuwa ndugu wawili na cheti kimoja. Nzuki akaniambia hao watu watanipigia kesho yake, Ijumaa, yeye akiwa amekaa mbele yao. Niseme huyo ndiye Kyengo.

"Na wakiuliza Nzuki?"

Aliangalia kikombe. "Useme alikufa, susu."

Sisi Wakamba, mtu mzima hatamki neno kama hilo juu ya mtoto aliye hai. Kunyamaza nilikuwa nimenyamaza, hiyo ni dhambi yangu na Mungu anaijua. Lakini neno la nyanya likishatoka humfuata mtoto, wala si la kuombewa Jumapili likaisha. Nzuki anajua hayo. Alinikumbusha tu kwamba bila kibali hakuna kazi, na Trizah ana mimba ya miezi saba. Nikachukua kikombe chake nikakiosha. Akaenda.

Saa sita akanipigia akiwa kando ya barabara, karibu na Nakuru. Gari lake ni kati ya haya ya siku hizi, mtu akikaa bila kufunga mkanda linalia. Lilianza kulia alipotoka tu kwangu, ati kiti cha kushoto kina mtu. Pale hapakuwa na kitu ila bahasha ya karatasi zake. Aliihamisha nyuma, likaendelea. Nililisikia mwenyewe kwa simu, ti, ti, ti, kama kifaranga kilichoachwa. Nikamwambia aufunge huo mkanda. Akaufunga juu ya kiti kitupu, likanyamaza.

"Afadhali lingelia," akasema.

Alipopita Eldoret alipiga tena. Alitaka tu nisikate simu.

Ijumaa saa nne wakanipigia. Alikuwa mwanamke, mpole, Kiswahili chake cha kutafuta. Aliniita jaja, nikaelewa kwao ndiyo nyanya. Nilikuwa nimesimama mlango wa nyuma, nikiangalia kaburi. Nyasi za pale juu zilikuwa zimelala, kama mahali mtu alikuwa amekaa akaondoka sasa hivi. Na mimi mbuzi sifugi.

Akauliza kama nina mjukuu anaitwa Kyengo. Nikasema ninaye.

"Na Nzuki?"

Nilijaribu. Nilifikiria tumbo la Trizah, nikajaribu, na neno likafika hapa kwenye meno.

"Mama," nikasema, "huyo aliye mbele yako ndiye Nzuki. Kyengo nilimzika mimi."

Nikasikia kiti kikiburutwa huko kwao, kisha simu ikakatika.

Nilimpigia Nzuki, ikawa inalia tu. Nikapiga tena na tena. Saa tisa Trizah akanipigia kutoka Ruiru, hofu imemjaa. Alikuwa amepata meseji kutoka kwa namba ya mumewe, akanisomea: Wameninyima. Narudi. Ni mimi, Nzuki.

"Susu, huyu Nzuki ni nani? Kyengo ameibiwa simu?"

Nikamwambia hakuna mwizi. Aje Murera pole pole, jua lingali juu, nimweleze nikimwona uso.