Maua ya Somalatha

Basi la Kurunegala, nchini Sri Lanka, lilijaa mapema, kwa kuwa ilikuwa sikukuu ya mwezi mpevu na kila mwenye gauni jeupe alikuwa akienda hekaluni. Fareena alikaa dirishani, amepakata fungu la yungiyungi. Jirani yake Somalatha, aliyezikwa wakati wa mvua, alikaa kando yake. Kondakta alikata tiketi moja, maana njia ile maiti hatozwi nauli.

Somalatha hakuacha mtoto. Kwa dini yake ya Kibuddha, marehemu hawezi kujichumia thawabu: lazima mtu aliye hai atoe maua, amtaje kwa jina, amkabidhi thawabu hiyo. Asiyepata wa kumfanyia hivyo hugeuka mzuka wa njaa, na mdomo wake husinyaa mpaka uwe tundu la sindano. Mdomo wa Somalatha ulikuwa umeshafika ukubwa wa kifungo cha shati. Alilishwa wali punje moja moja jikoni kwa Fareena, na Fareena, Mwislamu tangu babu wa babu yake, hakuweza tena kuvumilia kumtazama.

"Na ile dari ya hekalu yenye michoro uitazame, mdogo wangu," Somalatha alisema kwa sauti nyembamba. "Miaka yote nakwambia twende, wewe unasema Idi ikipita, Idi ikipita."

"Leo nitaitazama mpaka shingo iniume, dada."

Chini ya ngazi za hekalu Fareena alivua ndala. Langoni alikaa mlinzi, Wijepala, aliyezuia njia kwa kamba nyekundu.

"Wewe wa kitambaa kichwani, rudi."

"Nimemletea dada yangu huyu maua."

Wijepala alimtazama Somalatha, ambaye ukuta ulionekana kupitia kifuani mwake, akaunganisha viganja kumwamkia. "Mama apite. Wewe hapana. Tangu mwaka ule wa mabomu, watu wenu hawapiti hapa."

"Hayo mabomu nimeyaona kwenye televisheni, kama wewe."

"Basi kivue hicho kitambaa."

"Asivue," alisema Somalatha. "Namjua nacho."

Mzungu mmoja aliyevaa kaptula alifungwa shuka kiunoni, akaingia huku anatafuna chingamu. Fareena aliwageukia wanawake wa foleni, wale wale waliokula dengu zake ndani ya basi, akawaomba wamwingizie maua na kumtaja Somalatha. Kila mmoja aliangalia miguu yake mwenyewe.

"Na sisi tuna wafu wetu, dada," alisema mmoja, tena kwa upole. Kusema kweli, Wijepala alikuwa afadhali. Yeye angalau alimtazama usoni.

Somalatha alijaribu kuyachukua maua mwenyewe. Yalipita katikati ya mikono yake yakaanguka sakafuni. Wijepala akamwondolea kamba, naye akaingia mikono mitupu.

Alikaa sana. Alipotoka alisema, "Dari ipo. Yule tembo mweupe bado hajamaliziwa mkia."

"Na maombi?"

"Nilijitaja mwenyewe. Jina halikwenda popote."

Walirudi nyumbani, na kila mwezi mpevu wakapanda basi tena, Fareena na maua mapya. Kondakta aliwazoea. Wijepala naye aliwazoea. Alimwekea Somalatha kigoda kivulini na kumuuliza hali, na Fareena alimwonyesha tu mahali pa kusimama, juani, nje ya kamba. Mdomo ulipofika tundu la sindano, Somalatha aliacha kujibu. Nyumbani alikaa mbele ya sahani mpaka wali ukapoa.

Kisha ikaja siku ambayo alitoka hekaluni akampita Fareena pale juani kama mtu anayempita mgeni. Fareena aliogopa sana. Akamwita kwa jina lake lote, na la baba yake. Somalatha aligeuka taratibu, akayaangalia yale maua kwa njaa, akamwangalia aliyeyashika, akarudi nyuma hatua moja.

Wijepala akaja mbio, akasimama katikati yao.

"We bibi," alimwambia Fareena, "usimsumbue mama wa watu. Humwoni anavyokuogopa?"