Siku Baba Aliposugua Bafu

Jumamosi ile nilimkuta baba amepiga magoti bafuni, suruali imekunjwa, brashi mkononi. Nikarudi nyuma nikaukagua mlango. Ulikuwa wetu. Nikamkagua na mtu mwenyewe. Alikuwa baba yangu yuleyule, fundi viatu, ambaye kwa miaka yote niliyomfahamu aliamini bafu hujiosha lenyewe likiachwa kwa amani.

"Baba, unaumwa?"

"Funga mlango, Redio." Jina hilo alinipa yeye, eti sizimiki. "Pete imepotea."

"Pete gani?"

"Kwani ninazo ngapi?"

Basi nikaishiwa utani. Ilikuwa pete ya ndoa, tena ya pili. Ya kwanza aliishonea ndani ya buti la mteja, na mteja akahama mji na buti lake. Mama alinuna wiki tatu, kisha akamletea nyingine na onyo moja: "Hii ikipotea sitauliza iko wapi. Nitauliza kama uliwahi kunitaka."

Mama ni mwalimu. Siku hiyo alikuwa shuleni akisimamia mtihani, na angerudi saa sita. Saa yangu ilisema tano na nusu.

"Uliiweka wapi?"

"Nilikuwa nanawa gundi asubuhi. Nikaivua, nikaiweka hapa." Akagusa ukingo wa sinki. Akafikiri. Akagusa kisahani cha sabuni. "Au hapa." Akatazama dirisha.

"Baba, hizo ni sehemu tatu."

"Nazikumbuka zote tatu."

"Na brashi ya nini?"

"Mama yako akitukuta tunatafuta, atauliza tunatafuta nini. Akitukuta tunasafisha, atafurahi."

"Akikukuta wewe unasafisha, ataita daktari."

Hata hivyo sikuwa na mpango bora zaidi. Nikashika usukani. Nilitoa kila kitu: miswaki, shampuu, taulo, kisahani na mche wake mpya wa bluu uliobandikwa vipande vyeupe vya sabuni ya zamani, maana kwa mama sabuni haitupwi hata ikibaki nyembamba kama ukucha. Vyote nikavirundika kwenye ndoo, nikaiweka ukumbini. Pete hamna. Nikamwaga dawa chooni na kuipaka kwenye vigae, ikae inakula uchafu huku sisi tukiendelea na mengine. Nikapanda kwenye stuli nikaanza na dirisha, kisha kioo, nikashukia sinki. Pete hamna.

Chini yangu baba alikuwa analalamika.

"Mbona hapa nimeshasugua na pamechafuka tena?"

"Kwa sababu uchafu wangu unakudondokea wewe! Juu kwanza, sakafu mwisho. Wewe unapiga rangi kiatu ambacho hujakishona?"

Akanyanyuka, akaanza na ukuta. Dakika kumi baadaye vigae vilikuwa vinameta kiasi kwamba nilijiona, na sikupendeza. Tukasugua sakafu kutoka pembeni kuelekea mlangoni. Mwisho nikafungua kichujio cha tundu la maji, tumaini letu la mwisho. Nikatoa nywele za kutosha kusukia wigi, kifungo, kifuniko cha dawa ya meno, na hereni yangu niliyomsingizia binamu mwaka jana.

"Hamna," nikasema.

Baba akaketi juu ya choo kilichofunikwa. Nilimwona anahesabu vigae kwa macho, kana kwamba kimoja kimeongezeka.

"Haikutoka humu," akanong'ona. "Na humu haimo. Sasa iko wapi?"

Nilipogeuka, mama alikuwa mlangoni.

Alitazama ukuta. Alitazama choo. Alitazama magoti ya baba, mekundu kama nyanya.

"Nani kafa?"

"Hakuna, Mama Redio. Tunafanya usafi tu."

"Usafi." Alilitamka taratibu, kama jibu la mwanafunzi lisilo kwenye kitabu. "Mimi ninaota, au? Haya, nipeni sabuni, nimejaa chaki."

Nikamletea mche na kisahani chake kutoka kwenye ndoo. Akanawa. Mara akashtuka.

"Aa! Sabuni gani inakwaruza?"

Akaigeuza. Kati ya bluu ya sabuni mpya na weupe wa vile vipande, ukingo wa dhahabu ulikuwa umechomoza kama jino.

Mama akaukodolea macho, midomo ikicheza. "Vipande hivi nilivibandika asubuhi," akasema. "Bila miwani." Kisha akamgeukia baba. "Umeosha bafu zima ili usiniambie?"

"Ulisema utauliza kama niliwahi kukutaka."

Mama akapitisha kidole ukutani, akakikagua. Safi. Akatazama tena yale magoti.

"Basi siulizi."

Baba akachomoa bisibisi mfukoni, akanyoosha mkono aichokonoe pete. Mama akamchapa kidogo mkononi, akairudisha sabuni kwenye kisahani.

"Usiniharibie sabuni. Oga. Ikiisha, utaivaa."

Hadi leo sielewi kama ilikuwa adhabu au mahaba. Ninachojua, baba anaoga mara nne kwa siku, jirani ameniuliza kama ana upele, na jana nimemkuta mama akibandika vipande vingine kwenye mche uleule.