Mtoto Asiyeinua Macho

Tulitoka Katonga asubuhi kwenda kliniki: mimi, Winfrida mke wa mwanangu, na Rozalia, mjukuu wangu wa miaka mitano asiyesema neno. Shule ya awali ilikuwa imemrudisha. Bila barua ya kliniki, wasingempokea tena.

Mtaalamu wa watoto alikuwa kijana, Nehemia.

“Shikamoo mzee. Mtoto akiitwa, anaitika?”

“Marahaba. Anaitika moyoni. Si mpiga kelele huyu.”

“Anakutazama machoni?”

“Hata siku moja!” Nilikaa wima. “Ana adabu. Wenzake wanakodolea watu wazima macho kama samaki migebuka kwenye meza ya sokoni. Yeye huinama. Katonga nzima inanisifu kwamba nimelea.”

Nehemia akaacha kuandika. “Na mama yake je, anamtazama?”

Swali lile halikunikalia vizuri. Rozalia alikuwa sakafuni, anazungusha kifuniko cha chupa, anakizungusha tena.

“Mama, jibu wewe,” Nehemia akamwambia Winfrida.

Winfrida akafunika mdomo kwa ncha ya kitenge. Kwetu Waha, mke wa mwana hapazi sauti mbele ya baba mkwe, sembuse kumpinga.

“Ni kama mzee alivyosema,” akanong’ona.

“Amechelewa tu kusema,” nikadakia. “Hata baba yake alichelewa.”

“Mzee, kwa majibu haya nitaandika kwamba mtoto hana tatizo. Mtarudi nyumbani bila msaada, na shule itamrudisha tena.”

Nikasimama. Nikaketi. Nikasimama tena. Nilisoma madarasa ya jioni nikiwa kuli wa bandari, ili nisisemewe na mtu yeyote. Leo mimi ndiye niliyekuwa nasemea wengine.

“Winfrida, mweleze yote. Mimi natoka.”

“Baba, hapana, tafadhali...”

“Nimeshatoka.”

Nje, ukumbini, nilitembea toka dirisha la dawa hadi mlangoni, nikarudi, nikaenda tena. Kisha nikasikia sauti ambayo kwa miaka saba nilikuwa nimeisikia kwa minong’ono tu.

“Tangu ananyonya hajawahi kunitazama. Nikimwita hageuki, lakini injini ya boti ikiwaka anaziba masikio na kulia. Mzee anawaambia watu ni adabu...”

Nikashika kitasa, niingie nimsahihishe.

“...nami nikaogopa kusema.”

Nikakiachia. Nikasogea hadi mwisho wa ukumbi, nisije nikashawishika kuingia, na huko pia miguu ikakataa kutulia.