Hotuba ya Mguu Uliokwama

Eckbert Wiesmann alikuwa na miaka sitini na moja na hofu moja tu: kuongea bila karatasi. Na pale Hollenbrock, Ujerumani, mwenyekiti mpya wa chama cha wapanda farasi, kama yeye sasa, huhutubia akiwa juu ya farasi, bila kusoma. Akishindwa, kiti kinakwenda kwa shemeji yake Detlef. Na bia haifunguliwi mpaka hotuba iishe.

"Wewe uongee bila karatasi?" mkewe Roswitha alimcheka akimpigia koti pasi. "Hata kuniposa ulinisomea."

Basi Eckbert, kwa ujanja wake wa kujitafutia balaa, akaificha hotuba shingoni mwa farasi wake, chini ya manyoya. Ilihusu neno Stegreif, la kuongea papo hapo bila kujiandaa, ambalo Wajerumani wenyewe hulikosea kuliandika wakidhani limetokana na kusimama. Hata bango la uwanjani lilikosewa. Kumbe zamani lilikuwa jina la kikuku, kile chuma cha kuwekea mguu mpanda farasi. Tarishi mwenye haraka alisema lake papo hapo, bila kushuka.

Siku ilipofika, alipokohoa aanze, farasi wa Detlef aliyekuwa ubavuni alinyoosha shingo, akaichomoa karatasi, akaitafuna taratibu. Detlef hakumzuia, na usiniambie hakufurahi.

"Jamani," Eckbert akasema, uso umemwiva, "wiki tatu nimeandika jinsi ya kuongea bila kuandika. Hotuba imeliwa. Asanteni."

Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Akataka kushuka, buti likakwama kwenye kikuku.

"Mguu bado umo," alisema mwalimu mstaafu Bi Mechthild, mlinzi wa desturi kwamba hotuba huisha mguu ukitoka kwenye kikuku. "Hotuba haijaisha, Mwenyekiti. Endelea."

Akaendelea. Akaongelea mvua, nguruwe wake, goti lake. Wenye kiu wakaanza kunung'unika. Maneno yakamwishia yote, likabaki moja alilolikwepa miaka thelathini.

"Roswitha," akasema, jasho likimtiririka, "ile posa aliniandikia kaka yako Detlef. Sikujua niseme nini. Leo sina karatasi, na bado nakutaka wewe."

Yule farasi alikuwa bado anatafuna.

Roswitha alikuja akifuta macho, akalikamata buti kwa mikono miwili, akavuta. Mguu ukatoka na soksi yenye tundu, buti likabaki linaning'inia.

"Mwandiko wa kaka yangu naujua tangu utotoni," alisema. "Nilikuwa nasubiri posa yako. Haya shuka, mume wangu, watu wana kiu."