Kikohozi cha Baba Mkwe

Mimi na baba mkwe wangu tuliishi boma moja miaka yote ya ndoa yangu bila kutazamana usoni. Msinicheke. Huku Kisiba bado zipo familia zinazoshika ukutila, ile heshima ya mke wa mtoto kumkwepa baba mkwe: humtazami, hutaji jina lake, hampishani njiani. Ukisikia anakuja, unaingia migombani na kugeuza mgongo mpaka apite. Wenzangu wengi wameshaacha, wanakula naye meza moja na kupiga naye picha za simu. Kwa kina Hezron, mume wangu, thubutu! Mimi nina mdomo, kila mtu anajua, lakini kwa baba yake Hezron mdomo huo uliwekwa kufuli siku ya harusi.

Sasa mtu usiyemwona, unamjua kwa masikio. Mzee alikuwa anakohoa. Kabla hajatoka mlangoni kwake, kabla hajakata kona ya bafu, ehem, ehem, ndipo mimi nijue pa kukimbilia. Chakula chake nilikiweka juu ya gogo nje ya nyumba yake, nami nikakohoa, nikaondoka. Maneno aliyabeba mama mkwe, mama Beatrice, na mzee tulimwita tata, yaani baba. "Tata anasema ndizi za leo zimeiva vizuri." "Mwambie tata, ndaga fijo, asante sana." Mwaka jana, wakati wa masika, mama Beatrice akafariki. Baada ya hapo hakuna aliyebeba neno lolote kati yetu, na wala hakuna aliyeliona hilo kuwa ni tatizo.

Mwaka huu nesi mmoja alikuja kuzungumza nasi kanisani baada ya ibada. Kijana wa kijiji cha jirani alikuwa amejiua, watu bado walikuwa wanaogopa hata kulitaja. Nesi akasema, mtu akianza kugawa vitu vyake, akaanza kuagaaga, au akatulia ghafla baada ya kuhangaika sana, msipuuze. Muulizeni waziwazi kama anafikiria kujiua. Kumuuliza hakumtii wazo kichwani, kunampa nafasi ya kusema. Kanisa zima likageuka kumtazama Obed, shemeji yangu, aliyemaliza chuo na hana kazi. Tangu siku hiyo Obed hakupumua. Akienda chooni anaulizwa anakwenda wapi.

Na wakati tunamlinda Obed, mzee alikuwa anagawa. Koti lake la Krismasi akampa Hezron. Mtamba wake, yule aliyemlea tangu ndama akawa anazungumza naye kuliko anavyozungumza na watu, akampa Obed. Kwetu mzee akikupa kitu, unapiga magoti na kupokea kwa mikono miwili, maana ni baraka. Huulizi kwa nini. Watu wakatupongeza.

Nikamwambia Hezron akiwa anaosha pikipiki yake, "Baba Jenifer, mbona mzee anagawa vitu hivi?"

"Anatubariki."

"Yule nesi alisema..."

"Tusekile, acha uchuro. Nesi alikuwa anasema vijana. Wazee hawana mambo hayo."

Nikarudi jikoni, lakini roho haikutulia.

Jumanne asubuhi kulikuwa na manyunyu. Hezron alikuwa ameshakwenda Tukuyu na bodaboda yake, Obed kaenda kukata majani ya mtamba. Mimi nilikuwa mlangoni pa jiko namenya ndizi. Nikainua macho kidogo, nikaona mabuti ya mvua yanapita mbele yangu, karibu kabisa, ningeweza kuyagusa. Nikajifunika kanga usoni mbiombio. Aibu niliyoisikia! Nikajiuliza, nimekuwa kiziwi? Kisha nikaelewa kwamba sikuwa kiziwi. Mzee alikuwa amepita bila kukohoa.

Kisu kikanidondoka. Mtu huyo alinikoholea siku ya msiba wa mkewe, sauti imemkauka kwa kilio. Alinikoholea akiwa na malaria hawezi kusimama. Leo anapita kama hakuna mtu. Nikaenda mpaka mlangoni kwake, mahali nisipokanyaga kamwe. Ua limefagiwa. Juu ya gogo sahani zangu zote zimeoshwa na kupangwa. Mlango umeegeshwa tu.

Nikampigia Hezron.

"Baba yako hakukohoa!"

"Nini?"

"Amepita hapa hakukohoa!"

"Tusekile, nina abiria. Unanipigia simu kwa ajili ya kikohozi?" Akakata. Nikampigia Obed, hapatikani. Nilitukana, Mungu anisamehe, nikashika njia mbio.

Barabarani pale ana duka Asia, rafiki yangu, mjamzito wa siku zake za mwisho. Alikuwa amepakata redio ya mzee.

"Kaniachia hii sasa hivi," akasema. "Eti mtoto akizaliwa asikilize. Nikamwambia subiri chai, hataki. Kashuka njia ya ziwani."

"Asia, twende. Wewe unaruhusiwa kuongea naye, mimi siruhusiwi."

Asia akatazama tumbo lake, akatazama njia ya ziwani ilivyoteremka na tope lake. "Na tumbo hili? Nenda wewe! Mimi nampigia Hezron mpaka apokee."

"Na mwiko je?"

"Mwiko utaukuta hapahapa ukirudi. Kimbia!"

Ziwa letu liko chini shimoni, limezungukwa na miti, na njia yenyewe mvua ikinyesha inateleza kama sabuni. Nilianguka, nikaamka, kandambili moja ikabaki kwenye tope. Nilikuwa naomba kwa sauti, ee Kyala, Mungu wangu, nimkute, nimkute tu. Nilipotokea chini nikamwona. Amekaa ukingoni mwa maji, kanipa mgongo. Mabuti kayavua, kayapanga pembeni.

Nataka mjue mwili ni mpumbavu kiasi gani. Pale pale magoti yangu yalianza kukunjika, shingo ikageuka yenyewe kutafuta pa kujificha. Nikafungua kinywa. Nimwiteje? Jina lake sijawahi kulitamka, na tata nilimwita kupitia kwa mkewe tu. Nikabaki nimesimama, hata hatua moja siwezi.

Basi nikakohoa. Ehem, ehem.

Mvua inagonga maji. Kisha, kwa mazoea tu, mzee akakohoa.

Akainuka. Akaacha ukingo, akapanda mpaka kwenye majani kando ya njia, akasimama kanigeuzia mgongo. Jamani, hata siku ile, na yote aliyokuwa nayo moyoni, alinipisha nipite.

Nikashuka mbio, nikasimama palepale alipokuwa amekaa, maji nyuma yangu.

"Pita, mwanangu," akasema bila kugeuka.

"Sipiti."

"Tusekile, pita."

Sikujua kama anaweza kulitamka jina langu. "Tata, geuka unitazame."

"Ni mwiko."

"Mwiko nimeuvunja mimi, wala si wewe. Geuka!"

Akageuka polepole. Miaka yote nilimdhania mtu mkubwa, kwa vile anavyokohoa. Kumbe ni kazee kembamba, kenye macho ya Hezron wangu, na shati limelowa limegandia mbavuni. Nikaona huruma mpaka nikakasirika.

"Tata, unataka kujiua?"

Nililitoa neno lenyewe, sikulizungusha.

"Nani kakwambia?"

"Hukukohoa."

Akakaa kwenye majani, akalia. Sijawahi kusikia mwanamume analia vile. Nikakaa karibu yake, nikamshika mkono wa shati, nikaukamata kabisa.

"Tangu mama yenu aondoke," akasema, "hakuna anayeniita. Chakula kinakuja, mtu anakimbia. Nawasikia jikoni mnacheka, nikikohoa, wote mnanyamaza. Nikasema, kumbe mimi ndiye ninayewanyamazisha. Ngoja niwapishe."

"Utupishe uende wapi?" Nilikuwa nampigia kelele, kelele za kweli, na machozi juu. "Mimi nikiamka nasikiliza kikohozi chako kwanza! Nikikisikia najua kumekucha, najua Jenifer ana babu. Nani alikwambia tunataka kupishwa? Nani?"

Mkono wake hakuuvuta.

Tulikaa hivyohivyo mpaka Hezron na Obed wakafika, wanateleza na kuitana. Hezron alimkuta mkewe na baba yake wamekaa bega kwa bega. Kisha akavua lile koti la Krismasi, akamvisha baba yake. Walimpeleka hospitali ya Tukuyu siku hiyohiyo, na mimi nilipanda pikipiki ya pili, mguu mmoja peku.

Wazee wa ukoo walisema nimekosa, achinjwe kuku wa kusafisha mwiko. Mzee aliposikia, akakamata jogoo wake mwenyewe, akasema, "Chinjeni huyu, na habari hiyo iishe." Mtamba bado ni wa Obed, ila yeye na mzee wanamlisha pamoja, na wanagombana juu ya majani.

Sitawadanganya kwamba amepona. Kila mwezi tunampeleka hospitali, anaongea na mtaalamu, anameza dawa. Zipo siku hafungui mlango. Siku hizo nagonga mpaka afungue, namwuliza lile swali la ziwani, naye ananijibu ukweli, hata ukiwa mbaya. Ukiwa mbaya hatumwachi peke yake.

Lile gogo nimelipasua kuni. Chakula anakula jikoni kwetu, na tukicheka tunaendelea kucheka. Sina tena sababu ya kujificha migombani, naye hana sababu ya kunionya. Lakini alfajiri, kabla sijawasha moto, nalala macho wazi nasikiliza. Ehem, ehem. Nami nakohoa kumjibu, ndipo naamka.