Springi Ndefu au Fupi

Gari la marehemu mume wangu lilikuwa limeshuka upande wa nyuma kwa miaka mingi ya kubebea maji Newala. Fundi Anwari wa Masasi akaniwekea mbele yangu springi za namna mbili nichague.

"Hizi ndefu zitalinyanyua sana, Mama Oliva. Fupi zitaliinua kidogo tu. Chagua."

Nilichanganyikiwa. Kwa fupi, nikijaza madumu, tairi zitasugua bodi. Kwa ndefu, likiwa tupu litabinuka kama kuku anayedonoa. "Kwani lenyewe linatakiwa likae kimo gani?"

"Unajua wewe unayelipakia."

Nikamwomba Mungu kimoyomoyo. Mama mkwe ana nyonga mbovu, na gari hilo ndilo linalompeleka hospitali Mkomaindo. Akasema pale kwenye benchi la gereji alipokuwa akitusubiri, "Mkishaliinua, mtaniletea na ngazi?"

Anwari akalipiga jeki nyuma hadi kimo cha zile ndefu. Mama mkwe akainua mguu apande, haukufika mlangoni. Akajaribu tena, akanishika bega.

"Funga fupi," nikasema.

"Na maji?"

"Nitapakia nusu, nirudi tena."

Tukapanda kwenda Newala, mama amekaa vizuri nyuma. Mimi kila shimo nasikiliza tairi, na mpaka sasa sijui kama nilichagua sawasawa.