Kura ya Msumari

Kijiko kiligonga kikombe jikoni, polepole, kama cha mtu anayekoroga huku akiogopa kuwaamsha wenye nyumba. Hakujapambazuka. Bibi akajitanda shuka, akaenda kuona.

Mezani alikaa mwanamume wa makamo mwenye miwani, mabega yamejaa vumbi la chokaa. Alikuwa ameingilia kwenye tundu la ukutani linalopitisha waya wa intaneti, nalo tundu ni jembamba.

"Shikamoo, mama. Samahani, nimegusa sukari."

"Marahaba, mwanangu. Sukari si kitu. Hebu geuka."

Akampangusa mabega kwa kitambaa cha vyombo. Aliona kwamba mgeni alijichukulia kikombe chenye ufa, vizima akawaachia wenyewe. Kisha akaenda kumwamsha mjukuu wake, maana aliyekuja kwa njia ya waya hakuwa mgeni wa mtu mwingine.

Mjukuu alisimama mlangoni akipikicha macho. "Bibi, huyu ni Msumari. Alishafariki."

"Pole, mwanangu," Bibi akamwambia mgeni.

"Nimeshapoa, mama."

Msumari ndiye aliyeanzisha programu ya bure ambayo zahanati nyingi huitumia kukumbusha tarehe za chanjo za watoto. Haikuwa mali ya mtu. Yeyote aliyeweza alirekebisha kipande akakituma, lakini hakikuingia mpaka mmoja wa washika funguo akubali. Washika funguo walikuwa watano, wametawanyika duniani, wanajuana kwa majina ya utani na picha tu. Mjukuu alikuwa amewafanyia kazi miaka mingi bila ufunguo. Rekebisho lake la karibuni liliwahusu watoto waliozaliwa mwisho wa mwaka, ambao programu iliwasahau. Lilikuwa bado linasubiri mlangoni.

Ili mtu apewe ufunguo, wote watano walitakiwa kuandika ndiyo mbele ya wenzao. Aliyenyamaza alihesabiwa amekataa. Msumari alipokufa, jina lake halikufutwa, kwa heshima. Basi kila kura ya mjukuu ilikwisha vilevile: ndiyo nne, na kimya cha Msumari.

"Kura inafungwa leo saa sita mchana," alisema mjukuu. "Na leo nikikosa, Bibi, naacha. Nimechoka kubisha hodi."

"Ndiyo maana nimekuja," alisema Msumari. "Nimesikia ninakukatalia. Mimi hata sikujui."

Akavuta kompyuta ya mjukuu, akaandika: *Ndiyo. Msumari.*

Majibu hayakukawia. Mmoja akaandika, "Karibu sana, mzee, tulikukosa." Mwingine akamuuliza kama ni yeye aliyeacha kosa fulani lililowasumbua tangu zamani, naye akakiri ni yeye. Watatu wakaandika ndiyo. Akabaki Nahodha, yule ambaye katika kura zote za nyuma alikuwa wa kwanza, akiandika kwamba dada huyu anastahili kuliko sisi sote.

Nahodha aliandika, "Kaka! Habari za huko?" Kisha akanyamaza.

Walisubiri. Bibi akachemsha chai, akapika uji, akaosha sufuria ambayo Msumari alikuwa ameshaiosha. Saa sita ikafika. Kompyuta ikatoa matokeo: amekosa.

"Sijaelewa," alisema Bibi. "Aliyekuwa kimya si ameshasema?"

"Ameshasema, Bibi."

"Sasa nani amekataa?"

Ujumbe wa Nahodha ukaingia. "Pole sana, dada. Mtandao ulinisumbua. Sheria ni sheria, tutajaribu tena. Ila kuna kipande kimeharibika huku, ungenisaidia kukitazama?"

Bibi akaketi karibu na Msumari. "Mwanangu, kumbe siku zote hizo alikuwa ni huyu?"

Msumari alivua miwani, akaifuta kwa shati. "Sijui, mama. Nilipokuwa kimya, wote walikuwa wema."

Mjukuu alikaa mikono mapajani. Bibi alidhani atafunga kompyuta, kwa kuwa alisema ataacha, na yeye si mtu wa maneno matupu. Badala yake alikifungua kile kipande.

"Si umesema unaacha?"

"Nimesema, Bibi." Akaanza kubonyeza. "Lakini hiki kisipopona, hata waliokuwa wanakumbukwa watasahauliwa."

Msumari alimtazama akifanya kazi, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Akasuuza kikombe chake, akakifunika kwenye kitambaa, akaenda ukutani. Akapitisha mkono, kisha bega.

Bibi alikuwa bado anahesabu ndiyo kwa vidole. Zilikuwa nne, kama zamani. Akaacha, akamshika mgeni mkono uliobaki.

"Uje tena, mwanangu," akamwambia. "Hata kusipokuwa na kura."